Piloti Aliyeagwa Mapema

Jumamosi, 2 Machi

Kampuni ya ndege inatafuta vijana wa kufundishwa upiloti. Konkuru, mtihani wa kuchagua watu, itafanyika Kisangani: hesabu, Kiingereza, macho, masikio, na mashine fulani ya kupima kama mikono ina akili. Nimeandikisha jina langu, Athanase. Wamejibu kwamba wamepokea maombi na watanijulisha. Kwa mtu anayeelewa lugha ya makampuni, hiyo njo kusema nimepita.

Thierry naye ameandikisha. Thierry! Tumekaa dawati moja tangu shule ya msingi, na kila mwaka alikuwa wa kwanza bila hata kuona haya. Leo amekuja na kitabu cha hesabu, anasema tujifunze pamoja. Nikamjibu kwamba mimi hatua hiyo nimekwisha kuivuka. Akaondoka na kitabu chake, mabega chini. Mbinu tu zile.

Nina mpango. Hapa Kibua msafiri anaagwa na kanisa: kwaya inaimba, wazee wanamwekea mikono, anachinjiwa kuku. Na kanisa letu halitachinja kuku wawili kwa konkuru moja. Leo jioni namwambia Pasta Hubert kwamba nimekwisha kuitwa. Thierry akiona nimeagwa, atakata tamaa yeye mwenyewe. Mwito wa kweli utakuja tu, Jumatatu ao Jumanne. Si uongo. Nimetangulia kidogo.

Jumapili, 3 Machi

Nimeagwa! Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Pasta Hubert akaniomba niseme neno kwa Kiingereza. Nikasema yote niliyo nayo, mengi ni ya kufunga mkanda na kuonyesha milango iko wapi. Kanisa zima likaitika Amina.

Mama Joséphine-Marie, mama yangu, alilia mpaka kitambaa kikalowa. Tangu Baba afariki, nyumbani tuko wawili tu, yeye na mimi. Amenipa blanketi lake. Nikamwambia huko mapiloti wanapewa mablanketi. Akasema hayo hayakulaliwa na mama yako.

Halafu Pasta akakumbusha desturi, kwa sauti kubwa sana, sijui kwa nini. Aliyewekewa mikono haonekani tena kijijini mpaka safari yake iishe. Akionekana, amewarudishia watu maombi yao usoni. Wote wakatikisa kichwa. Na mimi nikatikisa. Kisha nikaanza kufikiri, lakini kuku alikuwa amekwisha kuliwa.

Thierry alinibebea begi mpaka nyumbani. Akanikumbatia. Ananichosha huyu.

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna ujumbe. Pikipiki ilikuja asubuhi hata hivyo, maana Mama alikuwa ameiita. Tulipopita kona ya pili nikamwambia dereva tumbo linanikata, aende zake, nitapanda nyingine. Akaniangalia, akaangalia msitu, akanitakia nguvu.

Nimehamia kibanda cha marehemu mjomba, juu ya shamba la mpunga, alipokuwa akikaa kufukuza nyani. Mahali pazuri kabisa kwa piloti. Chini naona kipande cha barabara ambapo ndege ndogo zinatua. Kwetu zinatua barabarani: vijana wanafukuza mbuzi, pikipiki zinasimama kando, ndege inashuka. Nitajifunza kwa macho.

Rezo ya telefone hakuna. Rezo iko kwenye kilima nyuma ya kanisa, na kule siwezi kupanda, wataniona. Si kitu. Ujumbe si maziwa, hauchachi. Nimezima telefone ili nitunze moto wa betri.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi makali. Nimechora vyombo vya piloti kwa mkaa kwenye ukuta, saa za mafuta, saa za upepo, na nyingine ambazo kazi yake nitaambiwa huko. Nimejizungusha papo hapo ili kichwa kizoee anga. Kichwa kimekataa. Muhogo wa asubuhi umerudi wote. Nimewatangazia nyani, kwa Kiingereza, kwamba tutachelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Mvua ikaja kweli. Paa linavuja hasa pale ninapolala.

Saa ya mchana ndege ilishuka. Katika shamba letu la muhogo, ng'ambo ya barabara, nikaona mtu ameacha jembe. Amefungua kitenge chake cha mgongoni, anakipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili, anarukaruka. Nikajiuliza ni kichaa gani. Alikuwa Mama.

Anafikiri niko ndani! Nilicheka peke yangu mpaka nikashika mbavu. Juzi tu nimeagwa, Mama, hata kiti sijaonyeshwa! Halafu ndege ikapakia mizigo yake ikaondoka, na yeye akabaki amesimama, kitenge mkononi, anaangalia juu mpaka ikapotea. Hapo sikucheka tena.

Alhamisi, 7 Machi

Sijasemeshwa na mtu tangu Jumatatu. Naongea na mimi mwenyewe kwa sauti mbili, moja ya piloti, moja ya mnara wa uwanja. Leo mnara umeniambia sishuki vizuri. Nikaujibu vibaya. Sasa hatuongei.

Mchana wanawake waliotoka sokoni walipumzika kwenye jiwe chini ya kibanda. Nikajilaza nyuma ya migomba, nisikie wanavyonisifu. Wakaongea mafuta ya mawese. Wakaongea mbuzi ya mtu iliyokula sabuni. Wakaongea Thierry: kijana mwenye moyo, kila jioni anamubebea Mama Joséphine-Marie muhogo wake mpaka nyumbani, maskini mama yule, iko peke yake sasa.

Mimi, hata neno moja. Nimeagwa Jumapili kwa kwaya nzima, Alhamisi nimekwisha kusahaulika kuliko mbuzi! Na Thierry ananinyang'anya mama yangu kikapu kwa kikapu. Nimekula ndizi mbichi kwa hasira.

Ijumaa, 8 Machi

Kwaya! Asubuhi, barabarani, ileile, na wimbo uleule wa kuaga. Nikachungulia. Thierry, shati jeupe, begi, pikipiki. Konvokasio yake, mwito wa kampuni, imefika. Na kwa jinsi Pasta Hubert alivyokuwa anajipangusa mdomo, kuku wa pili alichinjwa vizuri sana.

Mama alikuwa amemshika mkono. Alimpa furushi la majani ya migomba, na kwa vile aliogopa pikipiki itafunika maneno yake, alipaza sauti mpaka nikamsikia huku juu: “Umupatie Athanase! Ni sombe na samaki! Umwambie akule, asiwe anajikaza!”

Nikakaa chini. Nikaona mambo yote kwa mara moja. Thierry atafika Kisangani, atanitafuta, hataniona. Atapiga telefone nyumbani. Mama ataambiwa sikufika. Njia ile ni ndefu na ina mambo yake. Mama atanyoa kichwa, atakaa chini, atanililia, na mimi mzima wa afya niko kilimani nabishana na mnara.

Nikakimbia. Nilikata shamba la mpunga, nikakata kichaka, nikatokea barabarani mbele ya pikipiki nimejaa mkaa na majani. Dereva akataja jina la Yesu, akaiacha pikipiki ianguke, akaingia mferejini. Thierry hakukimbia. Aliniangalia tu. Akaniuliza niko hapa tangu lini.

Nikamwambia ni mazoezi ya siri ya kampuni. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akauliza kama nilijibu ujumbe wao. Ujumbe gani? Ule wa Jumatatu, uliotumwa kwa wote walioitwa: kila mtu athibitishe kabla ya Jumatano jioni. Alikuwa amepanda kilimani akathibitisha ya kwake, na alidhani mimi nimefanya hivyo njiani. Walioitwa! Na mimi nilikuwamo! Nikamwambia bila shaka nilithibitisha, tena wa kwanza. Akaangalia miguu yangu, haina kiatu.

Akasema, “Kaka, panda. Nafasi iko. Tuende wote, tutawaomba, pengine watasikia.” Aliinua pikipiki, akakaa mbele, akapigapiga kiti kwa mkono.

Nilitaka kupanda. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilitaka sana. Kinywa changu kikasema gari ya kampuni inakuja kunichukua.

Akanipa furushi, nikamwapisha amwambie Mama kwamba limefika mkononi mwangu. Akaapa, maana ni kweli. Wakaenda. Sombe lile la majani ya muhogo nimelila peke yangu, baridi, kwa vidole. Mama alikuwa ametoa miiba yote ya samaki kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Nililia kama mtoto.

Jumapili, 10 Machi

Watu wakiwa ibadani, nikapanda kilima nyuma ya kanisa, nikawasha telefone. Ujumbe mara tatu. Wa kwanza unaniita. Wa pili unanikumbusha. Wa tatu unasema nafasi yangu wamempa mwingine, na wananitakia mafanikio.

Kumbe unachacha.

Chini yangu kanisa lilikuwa linaniombea. Pasta Hubert alitaja jina langu, mutoto wetu aliye angani, Bwana amushike bawa. Wote wakaitika Amina. Moja ilichelewa nyuma ya nyingine zote, ndefu, ya Mama. Naijua sauti ile hata katikati ya sokoni. Kati yangu na mlango wa kanisa palikuwa na mteremko tu, mtoto mdogo angeshuka. Sikushuka. Nilirudi kwenye kibanda, nikauomba mnara msamaha.

Jumanne, 12 Machi

Nimeshindwa. Baridi, nyani, kikohozi, na kule kutosemeshwa. Nikaamua: naenda nyumbani kusema ukweli wote, toka kuku wa kwanza. Nilioga mtoni, nikapitia nyuma, kwenye migomba.

Mama alikuwa anatwanga sombe. Mchi ulimtoka mkononi. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa masikio kama anahesabu kama yote yapo. Akanikalisha, akanipa bugali kabla ya kuniuliza chochote. Akasema tangu niende hajui kupika ya mtu mmoja, anapika ya wawili, nusu anapewa mbwa wa jirani, sasa mbwa huyo amekuwa mnene hata anaona aibu. Akasema nyumba ilinyamaza mpaka akaanza kuongea na chungu.

Nikafungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale, juu ya ulimi. Nikasema, “Mama, mimi sikukuwa…” Macho yake yakaanza kuogopa. Siwezi kuyaona macho yale yakiogopa. Nikamalizia: sikukuwa na uwezo wa kukaa bila kukuona, kampuni ikanipa konje, siku chache za mapumziko, nije nikusalimie.

Akapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio. Kwa kuwa mwenye konje hajarudisha maombi ya mtu, wote walinishika mkono.

Jumatano, 13 Machi

Pasta Hubert alifika mapema. Furaha yake haina kipimo. Jumapili itakuwa ibada ya shukrani, na safari hii ni mbuzi. Akauliza konje inaisha lini. Nikasema Jumatatu, maana ilibidi niseme kitu. Akapiga makofi: basi siku ileile watashukuru, halafu wataniaga tena, kwaya inajua wimbo.

Kuna habari kutoka Kisangani. Thierry amepita hesabu na Kiingereza. Anamsalimia Mama. Anasema ananitafutia njia kwa mwaka kesho, na kwamba nisiache kujifunza. Kujifunza! Nani alimuuliza? Tena nimesikia huko Bweremana kuna mtu anatafuta manahodha wa boti za ziwani. Kuogelea sijui, lakini nahodha mzuri haingii majini. Nitatuma maombi leo. Ng'ambo ya mto kuna kilima kingine, kina rezo safi, hakuna anayepita. Mara ya kwanza kosa lilikuwa ni kilima tu.

Mama amekwisha kufua blanketi. Ameanza kutafuta samaki wa njiani. Jioni hii alisema itakuwa vigumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza hakujua nyumba itakuwaje. Halafu akatabasamu ili nisijisikie vibaya.

Sasa ananiita nije kula. Maskini Mama wangu. Nimeapa mbele ya Mungu, safari hii sitamficha. Nitamwambia ukweli wote Jumatatu, nikishaondoka.