Masinia Manne na Kifungu cha Kumi na Saba

Jumatatu, 19 Oktoba

Vifuniko vyangu vya magurudumu ni marufuku. Aliyetamka ni Mashimba, mkaguzi wa klabu yetu ya mbio za magari, leo saa tano na robo asubuhi, uwanja wa Mkolani, mbele ya watu tisa. Niliwahesabu.

Marufuku! Kazi ya wiki tatu!

Niandike kwa utaratibu, maana ipo siku haya yatasomwa na watu wenye haki. Gari ni Starlet nyeupe. Mmiliki ni mimi, Muganyizi, muuza spea wa Mabatini. Dereva ni shemeji yangu Leonsia, mdogo wake mke wangu, ambaye siku za kazi anaendesha gari la samaki kati ya Mwanza na Geita. Leonsia anataka leseni ya daraja la taifa. Sharti lake: amalize mbio tatu katika msimu mmoja bila kosa. Anazo mbili. Ya tatu ni Jumamosi hii, na baada yake hakuna nyingine. Kitabu cha msimu kinafungwa tarehe 31 saa sita mchana. Ambaye hakuandikwa humo anaanza upya mwakani.

Yeye anasema atamaliza vizuri, mradi aachwe aendeshe. Ndiyo sababu anahitaji mtu wa kufikiri.

Nikafikiri. Rimu zina matundu. Upepo unaingia matunduni, unazunguka humo, unalivuta gari nyuma. Ziba matundu, gari linapita hewani kama sabuni kwenye beseni. Nikachukua masinia manne ya alumini, nikayatoboa, nikayafunga kwa boliti. Yalipendeza!

Mashimba alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Akafungua kanuni, kifungu cha kumi na saba: kifaa chochote cha kuongoza upepo lazima kifungwe kwenye bodi, na kisitembee. Akauliza sinia limefungwa wapi. Nikasema kwenye gurudumu. Akauliza gurudumu kazi yake nini. Nikamjibu kwamba swali hilo halina heshima.

Nikamfafanulia kuwa mtu aliye ndani ya gurudumu angeona sinia limetulia kabisa. Akasema yeye hakai ndani ya gurudumu.

Kisha akaongeza kosa la pili: tangazo lisilo na kibali. Eti kwa sababu chini ya kila sinia, kwa rangi nyekundu, kumeandikwa JUMUIYA YA MT. MONIKA. Mke wangu Prudencia ndiye mtunza vyombo vya jumuiya. Masinia yalikuwa stoo, hayafanyi kitu.

Lakini kilichonichoma ni Machibya. Duka lake la spea linatazamana na langu. Ana Starlet ya bluu, na magurudumu yake yana vifuniko vya plastiki. Vinazunguka! Mashimba akasema vile vilitoka na gari kiwandani. Kwa hiyo upepo nao unauliza kitu kimetoka wapi? Machibya alicheka hadi akashika kiuno. Akaniita Mzee wa Sinia. Akataka kujua pilau linaletwa saa ngapi.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimepata! Kanuni inataka bodi? Itapewa bodi. Fundi bati ameyaning'iniza masinia kwenye madigadi kwa vipande vya chuma, kila moja likifunika gurudumu lake kwa nje. Hayazunguki. Hayatikisiki. Fundi aliniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza kama yeye ni mwanasheria.

Leonsia akaliondoa gari vizuri mno. Likaenda moja kwa moja. Kwenye kona ya kwanza magurudumu ya mbele yakagonga masinia, yakagoma kukunja, na gari likaendelea moja kwa moja hadi katikati ya bustani ya mchicha. Hakuna mtu aliyeumia. Mchicha umeumia.

Leonsia alishuka taratibu. Akasema, "Shem, hili gari lina usukani. Naomba na mimi niutumie." Nikamwambia kwamba kwa mwendo wa mstari tumepiga hatua kubwa. Akasema mbio za Jumamosi zina kona ishirini na mbili.

Hakuna shukrani.

Jumatano, 21 Oktoba

Mama Paskazia, mwenyekiti wa jumuiya, alifika nyumbani bila taarifa kufuata masinia. Paroko anakuja kula na wanajumuiya Ijumaa. Kati ya Ijumaa zote za mwaka, akachagua hii!

Nikayafungua na kumkabidhi. Kila moja lina matundu manne ya boliti. Mama Paskazia akainua moja, akanitazama kupitia tundu mojawapo kwa muda mrefu. Nikaliona jicho lake lote. Akaniambia, "Baba Koku, na mchuzi tuuambie ukae wapi?" Nikashauri waweke upande wenye wali. Nilikuwa nasaidia.

Prudencia hasemi na mimi tena. Anasema na kuku, kwa sauti, kuhusu mimi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Kama mimi sina vifuniko, Machibya ana vifuniko kwa sheria ipi? Nimepeleka pingamizi la kurasa sita klabuni. Hoja yangu: kifungu cha kumi na saba hakitaji kiwanda popote. Nimekisoma mara kumi na nne. Mashimba alikisoma mara moja, akashusha pumzi, akasema hapo nina haki.

Nina haki! Nilimwomba arudie mbele ya Machibya. Alirudia. Machibya akachukua bisibisi, akavikongoa vyote vinne kwa dakika tatu, akavitupa nyuma ya gari huku akipiga mluzi. Sikupenda ule mluzi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Ukishinda pingamizi huwezi kuishia njiani. Nimewasilisha rufaa rasmi ili masinia yangu ya Jumatatu yatambuliwe kuwa halali. Yenyewe yameshatengwa na utumishi wa jumuiya, lakini heshima yake ibaki. Katibu wa klabu aliuliza kama nimesoma nyuma ya fomu. Nikasema mimi nasoma mbele.

Jumamosi, 24 Oktoba

Siku ya mbio. Magari kumi na moja. Starlet yetu ilisimama na rimu tupu, kama mtu aliyetoka nje bila viatu. Sikuweza kuitazama.

Leonsia amekuwa wa tatu. Kona ishirini na mbili, hakugusa hata pipa moja kati ya yanayoonyesha njia. Mashimba mwenyewe alimpa mkono na kusema hajaona dereva anayekata kona kwa utulivu ule. Leonsia akakaa chini kwenye vumbi, akacheka peke yake. Mbio ya tatu, bila kosa!

Angekuwa wa kwanza kama angekuwa na masinia. Hili hakuna aliyelisema.

Machibya amekuwa wa pili. Alinifuata hadi kwenye gari langu kunishukuru. Eti bila vile vifuniko breki zilipata hewa, hazikuchemka kama siku zote. Akaahidi kunitafutia soda. Nimeshukuriwa na Machibya! Hadharani!

Halafu katibu akaja na fomu yangu, ameigeuza nyuma. Imeandikwa kwa herufi ndogo sana kwamba gari likiwa na rufaa, matokeo yake hayaingizwi kitabuni mpaka rufaa iamuliwe. Leonsia aliisoma akiwa bado amekaa chini. Hakuinuka mapema.

Jumatatu, 26 Oktoba

Leonsia alikuja dukani akitokea Geita, ananukia sangara. Alileta karatasi yenye mstari mmoja: naiondoa rufaa yangu. Alileta na kalamu. Niweke saini tu, katibu anamwandika kitabuni papo hapo.

Nikamweleza kuhusu haki. Nikamweleza kwamba siku moja magari yote Kanda ya Ziwa yatafunika magurudumu na watu watauliza ni nani alianza. Akasema, "Shem, mimi sijaomba haki. Nimeomba leseni." Sauti ilimkatika kidogo hapo mwisho. Uchovu wa safari.

Nilikuwa nimeshaishika kalamu. Ni kweli, niliishika. Ndipo Machibya akavuka barabara na kusema, "Kaka, weka saini. Huyu binti anajua gari, usimzibie."

Machibya anataka niondoe rufaa! Kwa nini? Mtu asiye na hofu angevuka barabara? Nikaitambua hila palepale. Nikamrudishia Leonsia kalamu yake. Aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu, akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 28 Oktoba

Wito umefika. Rufaa itasikilizwa Jumamosi tarehe 31, saa nne kamili asubuhi, ofisi ya klabu, Mkolani. Katibu alipiga simu kunituliza. Amesema shauri lenyewe ni dogo, nusu saa linatosha, na Leonsia bado atawahi kuandikwa.

Nusu saa! Ndiyo dharau ninayoisema tangu mwanzo.

Nimeandika utetezi kamili. Kurasa arobaini na moja, pamoja na michoro. Kanuni inanipa haki ya kusikilizwa hadi mwisho, na hakuna wa kunikatiza. Hiyo nimeisoma mbele na nyuma. Leo nimeujaribu mbele ya kioo. Umechukua muda wa saa tatu na dakika kumi, bila maswali.

Nikiwa ukurasa wa thelathini Prudencia alisimama mlangoni. Neno lake la kwanza kwangu kwa siku saba. Aliuliza kile kitabu cha msimu kinafungwa saa ngapi. Nikamwambia saa sita, na nikamwomba asinikatize.

Nimemtumia Leonsia ujumbe awahi Jumamosi, apate kiti cha mbele.