Kofia ya Sonde

Jumatatu, 10 Juni
Taa nyekundu tena! Sonde, kile kijiti cha umeme kinachopima kimo cha amonia, inadai tangi limejaa hadi shingoni. Kompresa ikajizima, kama ilivyofundishwa. Uongo mtupu. Jalidi kwenye bomba la pembeni inaishia katikati, na pale inapoishia ndipo amonia inapofikia.

Nimemwambia patron Masumbuko, mwenye kiwanda hiki cha barafu, kwamba kosa ni la umeme wa mji huu. Akasema hata wiki iliyopita ulikuwa umeme. Mashine isipotulia hadi Ijumaa, ufunguo wa chumba hiki unakwenda kwa Kizito, fundi mpya. Mimi nitauza barafu getini.

Getini! Kigoda cha Sumaya kiko humu. Kila saa sita mchana mke wangu alikuwa akiniletea ugali na samaki, mikebuka, akikaa hapo kunitolea miiba, kana kwamba sina macho. Miezi minane sasa tangu tumzike. Getini hakuna pa kuweka kigoda.

Jumanne, 11 Juni
Kizito kaja na multimetre mpya, kipimo cha umeme, ameivaa shingoni kama daktari. Akaitazama kofia ya sufu juu ya kichwa cha sonde. Akauliza kama mashine ina mafua.

Nikamweleza. Sumaya aliifuma mwenyewe, kijani na manjano, siku alipoona bomba limekuwa jeupe. Alisema, “Maskini, uyu baridi itamuua.” Akamvisha kwa mikono yake. Kizito akataka ivuliwe, apime waya. Nikamjibu sonde hii haiguswi na mgeni. Akasema, “Minye niko na brevet ya frigo, Baba Djamali. Weye uko na kofia.”

Mjeuri! Ila bila multimetre, brevet, hicho cheti chake cha mashine za baridi, ni karatasi. Alipokwenda kula aliiacha multimetre mezani; nimeitumbukiza katika moja ya makopo marefu tunamogandishia barafu. Tupu, kavu. Nani atachungulia humo? Werevu ninao.

Jumatano, 12 Juni
Asubuhi kompresa imewaka yenyewe. Shangwe! Wakaanza kujaza makopo maji. Yote. Kizito kasimama hapohapo akihesabu. Nimeona maji yakiingia kopo la saba, lilelile. Ningesema nini? Nimesema maji ya leo ni masafi sana.

Kizito anatafuta multimetre yake kila mahali. Nimemsaidia kutafuta. Kwa bidii.

Alhamisi, 13 Juni
Nimefika mapema. Nimechelewa! Vipande vyote vimeuzwa, na barafu ya kopo la saba imekwenda Makobola na Mama Nkeshimana, muuza samaki.

Saa tano, taa nyekundu. Nimefunga valvu, nimevaa maski na glavu, nimetoa mafuta yaliyojikusanya chini ya bomba la sonde, kama nilivyofundishwa na marehemu bwana Ndihokubwayo. Nusu kikombe. Kazi safi. Taa haikujali. Nimegonga bomba kwa mpini wa nyundo, polepole. Nimeibembeleza sonde kwa maneno. Hayo siyaandiki.

Ijumaa, 14 Juni
Aibu.

Mama Nkeshimana karudi na beseni kichwani, kaingia hadi chumba cha mashine. Ndani, bonge la barafu, na ndani ya barafu, multimetre, waya zake zimetanda kama ndevu za kambare. Alisema mbele ya patron kwamba yeye aliomba barafu, hakuomba telefone. Kila mtu kanitazama mimi. Nimekiri. Hata habari ya kopo la saba.

Patron akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikautoa mfukoni. Hapo Mama Nkeshimana, kwa kuzoea tu, kaishika kofia ya sonde kama mtu anayenunua nguo sokoni. Akaikamua. Maji! Yakajaa kiganja, yakamwagika. Akaniuliza siku hizi inafuliwa na nani.

Inafuliwa?

Akasema Sumaya alikuwa akiichukua kila Ijumaa, akaifua pamoja na ovaroli yangu, akaianika kwenye uzio wa nyumba yetu kule Songo, akairudisha Jumamosi ikiwa kavu. Mwenyewe alimwona kila alipopita kule na samaki. Mwaka mzima. Mimi niliona kofia tu. Sikuona Ijumaa.

Kizito kakata umeme, kafungua kiungio cha waya chini ya kofia. Maji ndani, na kutu ya kijani. Kakausha, kasugua, kafunga. Taa ikazimika. Kompresa ikanguruma vizuri, kama zamani.

Nimekaa kwenye kigoda. Hakuna aliyeniambia niinuke. Kizito alimwambia patron ufunguo ubaki kwa Baba Djamali, mashine imemzoea, ila kofia iende nyumbani na sonde hii isivishwe kitu tena. Nimeapa kwa Mungu. Nikamwomba msamaha kwa multimetre. Akasema angalau haina homa.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeifua kofia. Mara ya kwanza. Nimeianika palepale Sumaya alipokuwa akiianika. Uzio una alama ya kijani, rangi ilichuja. Siku zote nilidhani ni ukungu. Jirani kaniuliza ninatazama nini.

Jumatatu, 17 Juni
Asubuhi njema. Taa zote zimetulia.

Kizito alikataza sonde hii. Sonde ya tangi la pili hakuitaja. Iko kichwa wazi, imepauka kwa baridi, inatia huruma. Kofia ilikuwa bado na unyevu kidogo ukingoni, lakini sikuweza kungoja. Imemkaa vizuri. Nimesogeza kigoda upande ule. Ijumaa nitaifua, inshallah.

Saa nane: taa nyekundu, tangi la pili.

Umeme wa mji huu!