Munganga Amesema Nipumzike

Jumatatu, 1 Juni 1953
Nimetolewa kazini kwa upole. Afadhali ningetolewa kwa matusi.

Miaka kumi na moja mimi, Donat Mutale, ni karani wa mizigo wa Bwana Verhaegen, karibu na stesheni hapa Élisabethville. Sijaomba congé, likizo, hata siku moja. Leo Bwana amefungua daftari la mizigo, akasoma mstari wa mwisho, daftari karibu liguse pua. Mwandiko wangu, safi kabisa: "Mutale Donat, mzigo mmoja, kilo 58, umevunjika njiani." Sikumbuki kuandika.

Bwana hakucheka. Alinipeleka kwa munganga ndani ya motokari yake mwenyewe. Munganga akagonga magoti yangu, akauliza nalala saa ngapi. Nikafungua mdomo nijibu, nikalia. Mbele ya masista wawili! Akasema ni nerfs, yaani neva, zimechoka. Wiki tatu nyumbani. Bila daftari, bila kalamu.

Haya naandika chooni.

Paulin, karani mdogo, amekalia kiti changu kabla hakijapoa.

Jumatano, 3 Juni
Kupumzika ni kazi ngumu. King'ora cha kiwanda kilipolia niliamka, nikafunga tai, nikakaa. Mke wangu Albertine akaniambia nirudi kitandani. Nikarudi. Vidole vikaendelea kupiga mashine ya kuandika juu ya blanketi.

Saa nne nikashindwa. Nikapanga sufuria zake zote kwa ukubwa, nikazipa namba kwa chaki. Hajasema nami tangu hapo. Constance, binti yetu wa miaka sita, akaomba kijiko. Nikamwambia asaini kwanza. Akalia. Mimi pia.

Ijumaa, 5 Juni
Paulin amekuja kunisalimia, na sukari mkononi. Ananiita yaya, kama vile mimi ni kaka yake mkubwa. Kijana mpole. Hakuna kitu kinachoniudhi zaidi.

Lakini nimepata mpango! Nimemnong'oneza siri: Bwana anapenda kusomewa barua zote kwa sauti, karani akiwa amesimama, polepole, kama padri na Injili. Ukweli ni kwamba Bwana hawezi kuvumilia kelele. Aliwahi kumtupia mtu kidau cha wino kwa sababu ya kupiga mluzi. Paulin amenishukuru kwa mikono miwili.

Mchana nimelala saa mbili nzima. Mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jumatatu, 8 Juni
Balaa. Kumbe macho ya Bwana yamefifia tangu mwaka jana, naye anaona aibu kusema! Barua zilikuwa zinalala mezani bila majibu. Sasa anasomewa, anatabasamu, anampa Paulin kahawa. Kahawa! Miaka kumi na moja mimi nimeinusa tu.

Haya yote amenieleza Paulin mwenyewe, machozi ya furaha machoni. Bwana alimuuliza nani amemfundisha, akanitaja. Bwana akaguswa sana. Ameagiza mtu yeyote asinisumbue hadi wiki zangu tatu ziishe. Hata kama mambo yameharibika.

Mambo hayaharibiki. Hilo ndilo linaloniua.

Alhamisi, 11 Juni
Nilitaka kuona kwa macho yangu tu. Basi.

Nikavaa koti kubwa alilosahau kwetu shemeji yangu wa Lukafu na kofia hadi kwenye nyusi, nikajipanga foleni na wateja. Baridi ya Juni inakata masikio. Saa moja na nusu nimesimama! Siku zote nilikuwa upande wa pili wa meza, sikujua foleni ile inavyoumiza miguu.

Nilipofika mbele, Paulin hakuinua kichwa. Aliuliza jina. Sikuwa nimeandaa jina. Nikasema Mwape, wa Kasenga, nimefuata mzigo wangu. Nilidhani atasema haupo, niende zangu.

Ulikuwapo. Sanduku la nyavu za samaki, Mwape, Kasenga. Akauliza cheti, nikasema kimelowa mtoni. Akanionea huruma, akaniwekea kalamu mkononi. Ee Mungu, kalamu! Nikasaini. Watu wawili wakanitwika sanduku begani, nikalipeleka hadi nyumbani, mtaani cité, nikisimama kila njia panda.

Jumamosi, 13 Juni
Albertine amelikuta sanduku chini ya kitanda. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliketi juu yake.

"Baba Constance," akasema, "banakupa congé, na wewe unaleta kazi mu nyumba. Na tena kazi ya kuiba."

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Akaniambia kwamba siku Constance alipozaliwa nilikuwa ofisini nikihesabu magunia. Akanisamehe, kwa sababu mume anayefanya kazi ni bahati. Sasa hajui tena. "Mi niliolewa na muntu," akasema. "Ule muntu iko wapi?"

 

Jumatatu, 15 Juni
Mwape wa kweli amefika kutoka Kasenga. Cheti anacho, kikavu. Sanduku halipo.

Paulin alikuja mbio hadi kwangu, midomo myeupe. "Yaya, banasema mi njo niliuzisha ile nyavu. Polisi iko njiani." Alikuja kwangu kwa shauri! Nilisimama mlangoni, sanduku nyuma ya mgongo wangu, na kwa muda wa kusema Baba Yetu moja nilifikiri: nikinyamaza, kiti ni changu. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilifikiri hivyo.

Albertine alikuwa ananitazama. Nikalivuta sanduku.

Tulilibeba wawili, Paulin mbele, mimi nyuma. Hakunitukana hata kidogo. Njiani aliuliza kama si zito mno kwa mgonjwa. Angenipiga ningeshukuru.

Mwape alinitukana vya kutosha, kwa Kibemba, na alikuwa na haki: samaki wa siku nzima wamempita. Bwana Verhaegen alisikiliza yote akiwa ameshika kichwa. Akawarudisha polisi. Akasema kwa Kiswahili chake: "Donat, wewe iko mugonjwa sana." Miezi miwili zaidi, mbali na mji. Kiti cha karani wa mizigo ni cha Paulin. Nikirudi, nitakaa kile kidogo.

Jumapili, 21 Juni
Lukafu, kijijini. Kamio, lori la mizigo, ilinishusha juzi kwa shemeji yangu Chomba, mkulima, mtu wa maneno machache. Albertine na mtoto watafuata nikipona. Albertine alisema "ukipona", akashika mkono wangu muda mrefu.

Jana nimelala hadi jua utosini. Hakuna king'ora. Nilikaa mbele ya nyumba, nikala kiazi, vidole vikatulia. Nilijisikia kama mtu. Nikaapa: miezi miwili, sigusi kitu.

Leo tumeenda misa. Katekista hapa anaitwa Léonard. Kijitabu chake cha ubatizo nimekiona kwa bahati tu, nilipochungulia begani mwake: mistari imepinda, mapacha wawili wameandikwa kama mtoto mmoja! Na watu wote wanamwita mwalimu.

Nimemwambia Chomba kwamba kukinyoosha kile kijitabu si kazi, ni msaada, saa moja tu kwa siku, labda mbili. Chomba amenitazama, akarudi kupukuchua mahindi yake.

Nimemwandikia Albertine kwamba ninapumzika vizuri sana, na kwamba atume wino. Chupa mbili.