Oili Nyeusi na Nati ya Siri

Jumatatu, 4 Machi

Lori jipya limefika! La dizeli, jeupe, viti bado vimevikwa nailoni. Mama mkwe, mwenye kiwanda cha matofali na mwenye sisi sote, amelizunguka mara tatu. Kisha akatoa tamko. Wiki nzima tutaliendesha kwa zamu, mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Jumatatu ijayo ufunguo utakwenda moja kwa moja kwa anayejua kutunza chombo. Alipofika kwenye "kutunza" akanitazama mimi. Nimeumia. Kweli, lori la zamani lilinifia mikononi. Lakini nani aliniambia limeishiwa maji?

Mke wangu amenikumbusha kwamba nikiukosa ufunguo huu narudi kwenye toroli, kusukuma matofali uwanjani kama siku niliyoajiriwa. Toroli! Mimi, baba wa watoto watatu!

Nimemuuliza fundi wetu wa magari oili ya lori jipya humwagwa lini. Kasema yote yamo kwenye kitabu cha lori. Kitabu anacho shemeji. Anakisoma tangu asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, kalamu sikioni. Ndiyo maana namwita Profesa. Nimwombe yeye? Bora nitafune nailoni ya viti.

Jumanne, 5 Machi

Zamu yangu. Jioni nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Nikakifuta, nikakizamisha, nikakichomoa tena. Nyeusi! Nyeusi ti, kama chungu cha kuni! Na lori halijatimiza hata kilomita mia tatu! Pikipiki yangu ya petroli hukaa na oili ya rangi ya asali wiki nzima. Nikakaa kwenye changarawe.

Mama mkwe akiona hii, nimekwisha. Stoo kuna madumu mawili ya oili mpya aliyoyanunua pamoja na lori, akiba ya mwaka mzima. Nimechukua moja. Nimefungua nati ya chini ya injini, nikaimwaga ile nyeusi kwenye dumu kuukuu, nikajaza mpya. Kijiti kikatoka kinang'aa. Karibu nikibusu.

Dumu la oili chafu nimelificha nyuma ya choo. Hakuna aliyeniona, ila kuku.

Jumatano, 6 Machi

Zamu ya Profesa. Amerudi saa kumi na moja, akalifuta vumbi, akaandika kilomita kwenye kidaftari, akaenda kuoga. Nikakimbilia kijiti.

Nyeusi tena! Jamani!

Sasa nimeelewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kijana anatoa oili nzuri na kutia iliyochakaa, ili Jumatatu kijiti kiseme mimi ndiye mharibifu. Nimemweleza mke wangu. Akauliza hiyo oili nzuri anaipeleka wapi, maana mdogo wake hana hata baiskeli. Nikamwambia hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka alfajiri, nikamwaga tena kwenye dumu kuukuu jingine, nalo nimelificha nyuma ya choo. Dumu la pili la oili mpya limekwenda. Stoo sasa hakuna kitu, nimeyajaza maji madumu yote mawili yasionekane matupu. Akili!

Kisha mtego. Nimefunga uzi mweusi kwenye boneti, nikaubandika kwa plasta ya jeraha. Siku nzima sikubanduka. Safari nne za matofali, na chakula cha mchana nimekila nimelala juu ya boneti. Imenichoma mgongo, lakini vita ni vita.

Jioni: uzi mzima. Plasta mahali pake. Kijiti, nyeusi!

Huyu mtu anaiba oili mbele ya macho yangu, lori likitembea, na mwenyewe yuko nyumbani anasoma! Sikuwahi kumwogopa mdogo wa mke wangu mpaka leo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa fundi. Nimejifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Rafiki ana lori la dizeli, nikasema, na oili yake haikai safi hata siku moja. Fundi akacheka mpaka akaweka spana chini. Akasema dizeli ina masizi, na kazi ya oili ni kuyazoa, kwa hiyo kuwa nyeusi mapema ni kawaida yake. Kitambaa kikibaki cheupe, ujue meza haikufutwa. Rafiki yangu asitazame rangi, atazame kilomita na kitabu, na kama anabeba mizigo mizito kwenye vumbi awahishe kidogo. Basi.

Maneno matamu. Matamu mno. Njiani nikagundua: fundi amenunuliwa! Profesa amefika kabla yangu. Nilimwamini fundi huyu miaka kumi. Nimehuzunika kwelikweli.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi!

Nimefikiri hivi: kama hapiti juu, anapita chini. Asubuhi nimelala chali chini ya lori na tochi. Ninaijua nati ya injini. Lakini nyuma yake, hatua moja tu, kuna nati nyingine! Sikuwahi kuiona. Nati ya siri!

Nikaifungua. Ikatoka oili. Safi! Ya dhahabu! Nzito, imejaa tele! Nilipiga ukelele nikajigonga kichwa. Kumbe hapa ndipo mwizi anapoificha! Ina harufu kali kidogo, nadhani kwa sababu ya kufichwa.

Nimeikinga yote kwenye beseni la kufulia, nikairudisha kwenye injini, hadi tone la mwisho. Mali ya Mama imerudi kwa Mama. Na sikulitembeza tena, mke wangu na watoto nimewapeleka sokoni kwa miguu, lori lisije likachafuliwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Nimefanya mazoezi ya kupokea ufunguo mbele ya kioo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwisha.

Mama mkwe akasema tumpeleke mteja matofali, mimi usukani, yeye katikati, Profesa dirishani na kitabu chake. Tukatoka. Nyuma yetu moshi, mweupe, mzito, mtaa mzima ukakohoa. Nikabadili gia. Lori likalia! Sauti ya paka aliyekanyagwa mkia! Kwenye kilima gia ikakwama, hatukwenda mbele wala nyuma. Mama mkwe alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuniita jina langu lote, mpaka la babu.

Fundi akaja, akaingia chini. Akatoka akipangusa mikono. Akauliza nani amemwaga oili ya giaboksi, sanduku la gia, na kuirundika kwenye injini.

Giaboksi?

Uchungu ulinijaa. Nikasimama barabarani nikamtaja mwizi mbele ya watu wote, nikampigia simu mke wangu alete ushahidi: madumu mawili nyuma ya choo. Mama mkwe akachovya kidole. Akaomba na yale ya stoo. Yakaletwa, yakafunguliwa. Maji.

Profesa hakufurahi, na hilo ndilo limeniuma. Alifungua kitabu polepole, akaonyesha ukurasa alioupigia mstari tangu Jumatatu ile. Oili ya kwanza humwagwa kwenye kilomita elfu tano. Dashibodi ilisoma mia sita na arobaini. Chini yake picha ya nati mbili, moja ya injini, moja ya giaboksi, na maneno kwamba oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa. Akasema shemeji, ungeniuliza tu ningekuonyesha.

Fundi katia oili upya, kasema kesho lori litatembea, ila meno ya gia yameumia. Mama mkwe alinyoosha kiganja, nikaweka ufunguo, akampa mwanawe.

Jumanne, 12 Machi

Toroli. Safari thelathini na mbili kabla ya chakula. Profesa amenipita na lori, akapiga honi kwa heshima. Nikaligeuza toroli upande mwingine.

Nimetafakari sana. Makosa nimekubali. Nilimshuku mtu bila kuuliza, sikusoma kitabu, nikafungua nati nisiyoijua. Nimemwambia mke wangu nimejifunza, akanipa chai.

Jioni nililipindua toroli nilisafishe, nikagusa girisi ya gurudumu.

Nyeusi!

Asubuhi tu niliipaka mwenyewe, ikiwa ya manjano. Na Profesa alipita hapa saa nane.

Uzi ninao bado. Plasta ipo.