Mbio za Cheo Kutoka Chumba cha Kulala

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Msimamizi wa kitengo chetu anastaafu mwisho wa mwezi. Bosi, mwanamke wa makamo, ametangaza leo asubuhi kwenye kikao cha video, kikombe cha chai mkononi. Atamteua mrithi Jumatatu ijayo. Juu nilikuwa nimevaa shati la kazi, chini kaptura ya kulalia.

Kampuni yetu inauza pampu za maji. Kitengo chetu kinajibu malalamiko ya waliouziwa. Tuko wanne, kila mtu anafanyia kazi kwake, tangu kampuni iliporudisha ghorofa mbili kwa mwenye jengo, ikabakiza moja ya wakubwa. Ofisi yangu ni meza ya vipodozi ya mke wangu, kati ya kitanda na kabati.

Nimewapima washindani. Wawili ni wageni kazini, hata kuzima kipaza sauti hawajui. Anabaki dada mmoja tunayemwita Kimya, kwa sababu kwenye vikao hasemi kitu. Anajibu barua arobaini kwa siku halafu ananyamaza! Namhurumia. Kufanya kazi anaweza mtu yeyote. Kuonekana unafanya kazi, hiyo ni taaluma.

Leo pia kuna barua ya muuguzi mkuu wa zahanati fulani. Pampu yao imekufa, maji wanachota kwa ndoo. Barua yake ya tatu. Nimeiweka kwenye jalada langu la "Ninashughulikia". Jalada hilo, ambalo wenzangu wote wanaliona, sasa lina barua sitini na moja. Katika kitengo chote hakuna anayeshughulikia mambo mengi kama mimi.

Jumanne, 4 Machi

Msimamizi lazima awe na vitabu nyuma yake. Nyuma yangu mimi kuna kabati lililong'oka mlango na sanduku la mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kwa wiki mbili mwaka jana.

Nimeazima kwa jirani, mwalimu mstaafu, maboksi mawili ya vitabu. Nikavipanga juu ya kabati, vikubwa kwa vidogo. Majina sikusoma. Msimamizi hana muda huo.

Kikao kikaanza. Bosi akasogea karibu na kioo cha kompyuta yake, akakunja macho. Akauliza kile chekundu katikati kinasema nini. Kabla sijageuka, akakisoma mwenyewe kwa sauti: Miezi Tisa: Mwongozo wa Baba Mtarajiwa.

Akabaki mdomo wazi. Akanipongeza. Wageni wakapiga makofi, kipaza sauti wazi kama kawaida. Bosi akasema mwanamume anayesoma kabla mtoto hajaja ni mtu wa kutegemewa.

Mtu wa kutegemewa! Ningefanyaje? Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema bado ni mapema, tulitaka iwe siri.

Mke wangu ana miaka arobaini na sita. Kitindamimba wetu yuko chuo, mwaka wa pili. Mke mwenyewe yuko sebuleni anashona, hajui kama ni mjamzito. Sioni sababu ya kumsumbua.

Jumatano, 5 Machi

Suala la taa. Kwenye kompyuta, kando ya jina la kila mtu kuna taa. Ya kijani maana yake uko kazini. Ya njano maana yake umetoroka. Yangu inageuka njano hata nikienda msalani. Ya Kimya ni kijani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sijui dada huyu ana kibofu cha namna gani.

Nimevumbua dawa. Nilikifunga kipanya cha kompyuta kwa kamba ya kiatu kwenye feni inayogeuza shingo. Feni ikienda kushoto, kipanya kinakwenda kushoto. Feni ikirudi, kipanya kinarudi. Kijani tupu! Nikaenda kwa kinyozi na dhamiri safi.

Kurudi, namkuta mama mkwe kwenye kiti changu, anacheka na bosi.

Inaonekana kipanya katika matembezi yake kilijibonyeza na kumpigia bosi simu ya video. Bosi akakaa anatazama kiti kitupu na feni inayoburuta kipanya. Mama mkwe aliingia kuchukua khanga yake, akaona mtu, akamsalimia. Wakapeana habari za afya. Bosi akampongeza kwa mjukuu anayekuja.

Mama mkwe alinishika mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Baba, mbona mmenificha? Nimewakosea nini?"

Bosi kwenye kioo alisema tu kwamba feni yangu ni mchapakazi. Nikamweleza kuwa kipanya hupata joto, napenda kukipoza. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba haikaliki. Mama mkwe amefungia cherehani stoo na ufunguo ameutia kifuani. Anasema mjamzito hakanyagi cherehani. Mke wangu ana magauni kumi na mawili ya kwaya ya kukabidhi Jumamosi. Akamuuliza mama yake mjamzito ni nani. Mama akamnyooshea kidole. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Nilieleza kwa utulivu. Cheo, vitabu, mtu wa kutegemewa.

"Kwa hiyo mimi nimebeba mimba kwa ajili ya cheo chako?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia ni kwa siku chache tu, mpaka Jumatatu.

"Na Jumatatu ndiyo najifungua?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ana akili ya mipango, mke wangu. Aliniamuru nimwambie bosi ukweli kabla ya Jumatatu, la sivyo atamwambia mwenyewe. Nikamjibu kwamba ninashughulikia. Mama mkwe hakuamini hata kidogo kwamba hakuna mtoto. Anasema hata yeye mimba zake alikuwa akizikana mwanzoni.

Nimetengeneza pia barua pepe ya kujituma yenyewe saa kumi alfajiri, kwa bosi na kitengo chote. Waamke wakute nimekesha kwa ajili yao. Mimi nitakuwa usingizini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Niliandika kumi. Kumi yake ni saa nne asubuhi!

Saa nne tulikuwa kikaoni na mzungumzaji nilikuwa mimi. Kompyuta zote zikalia kwa pamoja. Bosi akafungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Wenzangu, ninyi mmelala. Mimi niko macho, naiwazia kampuni. Nje ni giza totoro. Kinachosikika ni vidole vyangu tu."

Jua lilikuwa linanipiga usoni. Mgeni mmoja aliuliza kwa heshima kama nimesafiri nchi za mbali.

Nikafikiri yameisha. Bosi akasema kuna barua ya shukrani kutoka kwa muuguzi mkuu wa zahanati. Maji yanatoka tangu jana. Nani alilishughulikia tatizo? Barua ilikuwa kwenye jalada langu, hivyo kisheria ni yangu. Nikasema tumelimaliza.

"Tatizo lilikuwa nini?" bosi akauliza.

Nikamwambia ni moyo wa pampu. Ulikuwa umechoka.

Halafu ikaja sauti ambayo sijaisikia kwa miaka miwili. Mwanzoni nilidhani ni redio ya jirani.

"Pampu haina moyo," alisema Kimya. "Panya walitafuna waya wa umeme. Niliikuta barua kwenye jalada, nikampigia fundi aliye karibu nao, akaubadilisha kwa nusu saa. Wiki tatu wajawazito wanapanda kilima na ndoo kichwani, wanakwenda kujifungua."

Hata wageni walikumbuka kuzima vipaza sauti.

Sauti yake si mbaya, lakini ni nzito kidogo. Haifai kwa uongozi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe ameutangazia mtaa. Mwenye duka amenipa mkono, ameniita simba. Mwalimu mstaafu amesema kile kitabu chekundu nibaki nacho, ni zawadi. Mke wangu anashonea magauni kwa jirani, na hasemi na mimi ila kupitia kwa mama yake. "Mama, mwambie mtu huyu chai yake iko mezani." Mtu huyu amekunywa.

Ukweli nimeuahirisha. Huwezi kumvuruga bosi siku mbili kabla ya uamuzi. Hiyo ndiyo busara ya uongozi.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote, ingawa mengine sipendi.

Bosi alinipigia saa tano, peke yangu. Uso ulikuwa wa upole. Nikajua tayari nimepata. Nilikuwa nimevaa hadi suruali.

Alianza kwa kusema nafasi amempa Kimya.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Alisema amelifungua jalada langu. Barua sitini, na baadhi yake zina mwaka. Alisema pia, kwa sauti ya dada mkubwa, kwamba nina mtoto njiani. Asingependa kunitwika mzigo wa usimamizi wakati mke ananihitaji.

Yaani mimba imenilia cheo! Mimba isiyokuwepo!

Nikaropoka kwamba hakuna mtoto. Hakuna kabisa.

Bosi akaweka kikombe chini. Machozi yakamlengalenga. "Jamani. Pole. Pole sana, kaka yangu. Lini?"

Sehemu hii ndiyo nisiyoipenda. Niliona amefikiri nini. Niliona pia jinsi alivyokuwa akinitazama, na nikawaza: nikinyamaza dakika moja tu, mtu huyu ataninyima nini? Nikainamisha kichwa. Nikashusha pumzi. Nikaanza kusema kwamba tumeyapokea, ndiyo dunia.

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Mke wangu aliingia, tepu ya kupimia shingoni, akasimama mbele ya kioo. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini.

"Samahani, dada, kwa kuingilia," alisema. "Mimi ndiye mke wake. Sikupoteza mtoto mwezi huu, kwa sababu sikuwa na mtoto. Kulikuwa na kitabu tu. Lakini nilimpoteza mmoja miaka kumi na mitano iliyopita, wa miezi sita, na huyu nilikuwa naye. Kwa hiyo hilo asilichezee. Mengine adanganye apendavyo, hilo hapana."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Mimi nilitazama herufi za kibodi. Zimefutika mbili. Sikuwahi kugundua.

Bosi alimwomba radhi mke wangu, si mimi. Wakaongea kidogo wao kwa wao. Kwangu alikuwa na sentensi moja: kuanzia wiki ijayo nitafanyia kazi ofisini, kwenye meza iliyo mbele ya mlango wake, na barua nitazijibu moja moja, yeye akiniona.

Jioni nilimkuta mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hajashika kazi yoyote. Nikakaa kando yake. Nikamwambia pole. Akasema hiyo pole imechelewa miaka kumi na mitano. Wakati ule nilikuwa nimekwenda kwenye semina ya kupandishwa cheo, alisema. Sikupandishwa, aliongeza. Nilikuwa nimesahau yote mawili.

Tulikaa hivyo mpaka mama mkwe alipobisha hodi, akaingia na ufunguo wa stoo. Akamkabidhi binti yake. Mimi hakunitazama.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na mawazo safi. Usiku ni mshauri mzuri.

Tuangalie mambo kama yalivyo. Kimya ni msimamizi, sawa. Lakini yuko kwake, kilomita nyingi kutoka kwa bosi, kwenye kidirisha cha ukubwa wa kiberiti. Mimi je? Mbele ya mlango! Hatua nne! Kila akitoka, ananiona. Kila akiingia, ananiona. Kati ya wanne, nani amesogezwa karibu na uongozi? Bosi hakutaka kulisema wazi mbele ya mke wangu, lakini mimi si mtoto. Nimepandishwa.

Nilimweleza mama mkwe jambo hili wakati wa chai. Aliuliza kama nimelala vizuri. Kisha akahamisha kikombe chake, akaenda kunywea barazani.

Shida moja tu. Mtu akikaa hatua nne kutoka mlangoni, hawezi kwenda kwa kinyozi hivi hivi. Nimelitafakari tangu asubuhi na jibu limekuja lenyewe.

Nimetoka sasa hivi mjini. Nimenunua makoti mawili, ya kijivu, yanayofanana mpaka vifungo. Muuzaji aliuliza kama nina ndugu pacha. Nikamweleza kwamba moja ni la kuvaa, jingine ni la kukaa kwenye kiti likifanya kazi nikiwa sipo. Akaniuliza na bosi akisema na koti, litamjibu nini?

Ndiyo maana yeye bado anauza makoti.