Waasi wa Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 4 Machi
Riwaya yangu imefika sura ya saba! Mji wa vioo. Mtawala anayewapangia watu hata ndoto. Binti wa miaka kumi na saba anaasi. Mshauri wake ni mkutubi mwenye hekima, mtanashati, mvi kidogo. (Na mimi ni mkutubi. Sadfa tu.) Kesho nawasomea wasichana wa klabu ya vitabu hapa bwenini. Nimeshawapangia pa kucheka na pa kulia. Mchana kutwa mwanga umelala mezani kama maziwa yaliyomwagika. Nikauacha, nikaota makofi.

Jumanne, 5 Machi
Msiba! Wamecheka pa kulia. Yule tunayemwita Kamusi, kwa kuwa hapitwi na kosa la mtu, akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu zote mbona binti haendi popote mpaka aagizwe na mkutubi.
"Mwalimu, huyu haasi," akasema. "Huyu anatumwa."
Nimefunga klabu wiki nzima. Ukarabati. Wa nini, bado sijajua.

Jumatano, 6 Machi
Chumba cha kusomea kimya. Vumbi linaelea juani polepole, utadhani tuko chini ya maji. Mimi peke yangu, na funguo zote. Raha iliyoje! Saa nne raha ikaisha. Mpishi kaniambia wasichana wamehamia chumba cha kufulia, wanaandika riwaya yao. Yao! Dada yangu, ninayeishi kwake, anasema niwaache watoto wapumue. Dada hajui sanaa.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikwenda kupeleleza. Nikajibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, meupe, yakivuta pumzi na kuitoa. Kamusi alikuwa akisoma. Binti anatoka mji wa vioo, miguu peku. Hajui aendako, na hakuna aliyemwambia aende. Nyasi zinamfika magotini. Anacheka peke yake.
Sijui nilipatwa na nini. Nikalia. Kisha lile joto, ile sauti... nikasinzia. Nimesimama! Nikaanguka na kamba, na mashuka yote. Walinifunua taratibu, kama wanaofungua zawadi. Nikakiri kwamba yao ni nzuri kuliko yangu. Wakatazamana. Kamusi akasema naweza kuja kesho, ila nikae nyuma, nisikilize tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekaa nyuma, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimesikiliza dakika kumi na moja nzima! Upepo ukapita dirishani, nikajiona na mimi nimo nyasini, sina viatu, sina haraka. Sijapata kuwa huru namna hii.
Uhuru mtamu hivi hauachwi ovyo ovyo, utaharibika. Kwa hiyo jioni nimewaandikia katiba ya uasi. Vifungu arobaini. Cha kwanza: hakuna kuasi bila sahihi yangu. Dada kaisoma, kanigusa paji la uso, kaniuliza kama naumwa.
Jumatatu naibandika mlangoni kwao. Watafurahi sana.