Siku Sauti ya Koplo Radi Ilipopotea

Wizara ya Ulinzi ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba taifa limepata bunduki yake rasmi, jina lake Uzalendo. Ni nyepesi, inang'aa, haili risasi, na haijawahi kumjeruhi askari wetu hata mmoja. Kuhusu mlio, wizara ilifafanua kwamba huo ni mchango wa askari mwenyewe: analenga, anavuta kifyatulio, anapaza sauti, "Pa!" Aliyelengwa anaanguka na kuhesabiwa amekufa. Asiyeanguka ni mhaini, awe kuruta, awe jenerali.

Kambini hapakuwa na mpiga shabaha kama Koplo Radi. "Pa!" yake moja ililaza kikosi kizima pamoja na mpishi wa zamu. Alishaahidiwa usajini. Basi, kuelekea gwaride kuu, mafua yakamshika. Akafungua kinywa, kikatoka kitu kama upepo wa baiskeli iliyotoboka.

"Silaha ya serikali umeipeleka wapi?" Meja akamfokea.

Koplo akaonyesha koo.

"Umeiuza, siyo?"

Kwa waraka wa Jenerali, sauti ndiyo silaha; kuipoteza ni kifungo cha maisha, na sheria haijui mafua. Akafikishwa mbele ya baraza, kwenye bwalo la chakula. Katikati aliketi Jenerali. Pembeni aliketi Naibu wake, aliyekaa kwenye unaibu hadi kiti kikachukua umbo lake. Mama yake Koplo, mpishi wa kambi, akaingia mbio kutoka jikoni, unga hadi viwikoni, mwiko mkononi.

"Mshtakiwa una la kujitetea?" Jenerali akauliza.

Koplo akachezesha midomo.

"Iandikwe kwamba amegoma kujibu."

"Baba, mtoto hana sauti," mama akasema. "Niachie nimchemshie maji ya ndimu, kesho kutwa atakulipulia mpaka uombe pamba ya masikio."

"Mama, hapa si jikoni. Silaha imepotea. Kifungo cha maisha!"

Machozi yakamlengalenga Koplo. Mama akamtazama mwanawe, akamtazama Jenerali. Kisha akainua mwiko, akafumba jicho moja.

"Pa!"

Tone la uji likadondoka sakafuni. Jenerali akacheka. Alicheka peke yake.

Naibu akakohoa kwa adabu. "Samahani, mkubwa. Umepigwa."

"Nimepigwa na mwiko?"

"Waraka wako mwenyewe unasema silaha ni sauti, mkubwa. Kile cha mkononi ni cha kulengea tu. Na kwa umbali huu, kusema kweli, hata tembo asingepona."

"Huyu mwanamke ni mwehu! Mkamateni!"

Walinzi hawakusogea. Walikuwa wakimtazama Jenerali kwa makini, wakisubiri kuona kama ni maiti au ni mhaini.

Jenerali akatafuta mahali pasafi, akakunja goti moja, akakunja la pili, akajilaza chali, nishani zikigongana kifuani. "Naibu," akanong'ona, "ninaamka saa ngapi?"

"Maiti haiulizi saa, mkubwa," Naibu akajibu, tayari yuko juu ya kiti cha Jenerali. Akakijaribu kwa makalio, akaona ni laini. Akatabasamu. Alipoinua macho, akakutana na mwiko.

"Kesi imefutwa!" akasema upesi. "Koplo sasa ni Sajini! Mama, mama yangu, hebu shusha hicho kitu."

Mama akamshika mwanawe mkono, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Nitakishusha, mwanangu," akamwambia Naibu. "Tukishafika nyumbani."